Mlango wa Magunia

Uholanzi, 7 Septemba 1997

Baba mdogo Enoki,

Mwagonile. Shikamoo, na shikamoo nyingi kwa mama mdogo, mama Anyisile. Mimi mzima, ila baridi ya huku imeanza mapema na mikono imepasuka kama ya mtu anayefinyanga vyungu. Chakula nimekizoea, isipokuwa viazi. Huku viazi ni kila siku, na mchele wao hauna harufu. Nikisema kwamba kwetu mchele ukipikwa jirani anajua, wanacheka.

Nasikia shemeji Tusekile ni mjamzito. Mumewe, kaka Dickson, aliniandikia mistari miwili tu kutoka Karonga, ng'ambo ya mpaka, mmoja wa salamu na mwingine wa kuniomba redio. Baba hajaandika, lakini nawe unajua baba haandiki.

Nakuja kwenye shida yangu. Chuoni tunajifunza kuujenga mji ndani ya kompyuta. Si ramani ile uliyotuchorea ubaoni, ya kutazamwa kutoka juu kama jicho la mwewe. Huu una urefu, upana na kimo. Unaweza kuuzunguka, ukaingia ndani ya nyumba. Maumbo ya nyumba hayatusumbui sana. Kazi ngumu ni kuifanya kompyuta ijue nyumba ipi inaungana na ipi, na kwa wapi: kwa mlango, kwa ngazi, kwa baraza, au kwa ukuta tu. Ikishajua hayo unaweza kuiuliza, "Mtu aliye chumba hiki, mlango huu ukifungwa, atatokea wapi?" Nayo inajibu.

Wenzangu wanatumia miji ya huku. Mimi nimeomba kutumia kwetu: ghorofa la baba, nyumba ya Dickson iliyoegemea ubavuni mwake, na uwanja wa nyuma. Ni nyumba chache, lakini zimefungamana vya kutosha kunipa kazi. Je, unaweza kunipimia, na kunitajia kila mlango? Kila mlango, baba mdogo, hata mdogo kiasi gani.

Kuna jambo jingine baba ameniomba kwa simu, kwa kumtuma Dickson. Nitakueleza likikamilika.

Mwanao,
Lugano

*

Kyela, 19 Oktoba 1997

Mwanangu Lugano,

Barua yako imefika. Ndaga fijo, asante sana. Tumeisoma mara ya kwanza mezani na mara ya pili jikoni, kwa sababu mama yako mdogo haamini kwamba nasoma kila kitu.

Sisi wazima. Mpunga ulikuwa mzuri. Kokoa sasa inanunuliwa na kila mwenye mzani. Tangu ushirika uachwe upumue wenyewe, wanunuzi wanakuja na magari mpaka Makwale, wanagombania magunia njiani kama wasichana wa kuoa. Baba yako anafanya vizuri kuliko wote. Ghala lake halimtoshi tena. Nakuambia hilo kama habari tu.

Kazi yako nimeifanya, na nimeifurahia. Nilimaliza utumishi nikidhani rula yangu haitatoka tena sandukuni. Vipimo nimeviandika kwenye karatasi ya pili. Nje nimepima mimi. Ndani amepima mama Anyisile, kwa sababu mimi sipandi kwa baba yako siku hizi. Usiniulize kwa nini.

Nimeona njia rahisi ya kukuonyesha milango. Kila chumba nimekichora duara, na kila mlango nimeuchora mstari unaounganisha duara na duara. Umbo la chumba nimelitupa, nimebakiza nani anapakana na nani kwa mlango. Ukiitazama hiyo michoro utaona kitu ambacho picha ya nyumba haikionyeshi. Nyumba ya Dickson ni duka mbele, chumba katikati, na chumba cha nyuma chenye mlango wa kutokea uwanjani. Kutoka uwanjani kuna uchochoro unaopita nyuma ya ghorofa la baba yako, unatokea barabara ya sokoni karibu na ngazi yake ya nje. Uchochoro huo ndio roho ya nyumba ile. Tusekile anapitia hapo na ndoo, wateja wa mkopo wanapitia hapo na aibu zao. Mlango wa mbele ni wa chuma, unafunguka kwa nje, nao hufungwa duka likifungwa.

Kuna mlango mmoja zaidi ambao sijui niuite mlango. Juu ya chumba cha Dickson kuna dari la mbao analohifadhia kokoa, nawe unalipanda kwa ngazi ya kuegemeza. Darini, ukutani, kuna kimlango kinachotokea juu kwa baba yako, ndani ya chumba anacholala. Walikitoboa ili wapitishe magunia bila kuyashusha mvua ikinyesha. Nimekichora kwa mstari wa vitone. Huo ni mlango wa magunia.

Ziwa limetulia kupita kiasi mwaka huu. Wavuvi hawapendi.

Baba yako mdogo,
Enoki

*

Uholanzi, 23 Novemba 1997

Baba mdogo,

Mwagonile nyote. Mvua imeanza huko? Huku jua linazama saa kumi jioni na watu wanaona ni sawa.

Mwalimu wangu ameibandika karatasi yako ya maduara ukutani. Aliniuliza baba yangu mdogo alisoma chuo gani. Nikamwambia alifundisha jiografia miaka yote na darasa zima lilimwogopa. Akasema wataalamu wa huku wanafanya kazi kwa maduara na mistari hiyo hiyo.

Mlango wa magunia ndio ulionipa sifa. Nisikilize. Kwenye ramani bapa, ghorofa la baba na nyumba ya Dickson zinagusana tu. Kompyuta ingesema ni majirani wanaogawana ukuta, basi. Lakini ukiongeza kimo unakuta mlango uko juu, mahali ramani bapa haioni. Nikaiuliza kompyuta: "Mtu yupo chumba cha nyuma kwa Dickson, uwanja umefungwa, mlango wa mbele umefungwa. Atatokea wapi?" Ikanijibu: apande ngazi ya kuegemeza, afike darini, apite kimlango, chumba cha baba, baraza ya juu, ngazi ya nje, barabarani. Mstari wa kijani ukatembea wenyewe kwenye kioo. Watu walipiga makofi.

Sasa naweza kukueleza la baba. Anataka kujenga ghala jipya la mpunga juu ya ule uwanja na uchochoro, lishikane na ghorofa. Mkaguzi wa majengo alimkatalia, akasema nyumba ya Dickson haiwezi kubaki na njia moja ya kutokea. Baba akaniomba mchoro. Nimemchorea. Unaonyesha wazi kwamba njia ya pili ipo, ya juu. Nimeutuma wiki iliyopita kwa faksi, na stempu ya chuo chini yake.

Dickson ameniambia kwa simu kwamba mkaguzi aliugeuza-geuza, akasema, "Hawa wa Ulaya wameona mbali." Na baba amesema, mbele ya watu, kwamba amezaa.

Mwanao,
Lugano

*

Kyela, 11 Januari 1998

Mwanangu Lugano,

Heri ya mwaka mpya. Barua yako ililala posta ya Mbeya Krismasi nzima, nimeipata juzi. Tusekile amejifungua mtoto wa kike, wamempa jina Nancy. Mama na mtoto wazima. Mama Anyisile anashinda huko.

Mvua haijapumzika tangu Desemba. Wazee wa Ipyana wanasema hawajaona mpunga ukisimama kwenye maji marefu hivi mapema namna hii.

Ghala limeanza. Msingi umekata uchochoro wetu, mafundi wanapanga matofali kwa saruji kidogo na haraka nyingi. Mlango wa nyuma wa Dickson sasa unafungukia ukuta.

Ngoja nikueleze kwa subira, kama nilivyokuwa nikieleza darasani. Mstari uliochorwa kati ya maduara mawili unasema tundu lipo. Hausemi nani anapita. Wewe ni mtoto wa kiume wa nyumba ile. Tangu ulipoanza kutambaa, chumba cha baba yako kilikuwa njia yako ya kwenda kuiba karanga. Ndiyo maana ulipokiona kimlango ukaona njia. Tusekile ni mkamwana. Huyu hamtazami baba mkwe wake usoni, hatamki jina lake, hakai mahali alipo, wala hatii mguu mahali anapolala. Unakumbuka baba yako anavyokohoa akitoka nje? Ulidhani ni kifua? Anakohoa ili mkamwana asikie yuko wapi, ajifiche. Tusekile akisikia kikohozi kinakaribia anaingia nyuma ya mlango. Kikienda mbali, anatoka. Wameishi hivyo miaka yote ya ndoa yake, bila ugomvi, bila kusemezana hata neno. Na mimi ananiogopa vilevile, kwa kuwa ni ndugu wa baba mkwe. Kwa hiyo sikuweza kumuuliza mwenyewe. Nilimtuma mama Anyisile.

Alimkuta anamwogesha mtoto. Akamwambia, "Binti yangu, maji yakija, utapanda kule juu?"

Tusekile alicheka mpaka akamwaga maji. "Nipite kitandani kwa yule mzee? Mama, umekula nini leo?"

"Lugano amechora hivyo. Kompyuta imesema."

"Basi kompyuta ipite. Haijaolewa hiyo."

Kisha, anasema mama Anyisile, aliacha kucheka. Akamwonyesha kitu darini. Mwaka jana upepo uliwahi kukifungua kimlango kile, naye akaona mguu wa baba mkwe juu ya mkeka. Hakula siku hiyo. Akapigilia komeo la chuma upande wake. Hakuna anayeweza kulifungua ila yeye.

Hilo moja. La pili ni maji yenyewe. Uchochoro haukuwa wa watu tu. Mvua kubwa ilikuwa inapita hapo kuelekea mtaro wa sokoni. Kuta za Dickson, unazijua, zimejengwa kwa udongo, saruji imepakwa usoni tu. Maji yakisimama nyuma yake yatakunywa ukuta taratibu kama uji.

Nakuomba umwandikie baba yako kwamba umekosea, aurudishe uchochoro. Wewe atakusikia. Mimi na yeye tulishamaliza maneno.

Baba yako mdogo,
Enoki

*

Uholanzi, 15 Februari 1998

Baba mdogo,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia ya Nancy. Mimi mzima, nina kazi nyingi. Mtihani wa kuutetea mji wangu mbele ya walimu ni tarehe 17 Aprili.

Nimesoma barua yako kwa makini. Kwa heshima, nadhani unaogopa zaidi ya inavyostahili. Mila naijua, nimekulia hapo. Lakini ni mila ya siku za kawaida. Mtu akiona kifo hakumbuki mkwe. Atafungua komeo na kupita, kesho yake wataona haya, watachinja kuku, yataisha. Mchoro haudanganyi: mlango upo, upana wake unatosha mtu na mtoto.

Tena nitamwandikia baba nini? Kwamba stempu ya chuo imekosea? Hujui ilivyo, baba mdogo. Wewe ulinisifu tangu darasa la tatu. Yeye hii ni mara ya kwanza.

Nitalitazama baada ya mtihani. Salamu kwa mama.

Lugano

*

Kyela, 29 Machi 1998

Mwanangu Lugano,

Tuko salama mpaka leo. Makwale wamehama upande wa chini. Mto Kiwira umebadilika rangi, mto Mbaka umekula daraja la miti. Ziwa limepanda mpaka wafinyanzi wa ufukweni wamehamishia vyungu vyao kanisani, na ibada inafanyika katikati ya vyungu.

Dickson yuko Karonga. Alisema atarudi barabara ikipitika.

Nilikwenda kwa baba yako. Nimesema mimi na yeye tulishamaliza maneno, lakini yalikuwa yamebaki machache. Sikupanda. Nilisimama chini ya ngazi nikaita, naye akatoka barazani na bakuli la dagaa wa usipa mkononi.

"Mwalimu! Umekuja kunipa zoezi?"

"Nimekuja kutazama ukuta wako."

"Utazame. Ukimaliza uupe alama."

"Lazaro, njia ya maji umeifunga. Na mkamwana wako umemfungia."

"Mkamwana ana njia. Mwanangu kaichora. Au wivu, kwa kuwa wako hawakufika Ulaya?"

Nilimeza hiyo. Nikamwambia, "Hatapita chumbani kwako."

"Maji yakimfika shingoni atapita."

"Amepigilia komeo upande wake. Amemwambia mama Anyisile, ukiwa juu yeye hafungui. Hata mtoto akiwa mgongoni."

Baba yako akaacha kula. Alitazama ndani, upande wa kile kimlango. Nilidhani atanitukana. Akauliza, polepole, "Amesema hivyo? Kwamba nikiwa juu?"

"Ndivyo alivyosema."

"Nenda nyumbani, Enoki. Utalowa."

Basi. Kesho yake niliona mafundi wakimaliza kenchi za paa la ghala. Hajabomoa kitu. Mwandikie, mwanangu. Mtihani hauwezi kukimbia. Au jaribu simu ya posta, ingawa nguzo nyingi zimelala.

Enoki

*

Uholanzi, 20 Aprili 1998

Baba mdogo,

Mwagonile. Naandika asubuhi na mapema kabla ya darasa.

Mtihani nilifaulu Ijumaa. Nilionyesha mstari wa kijani, wakapiga makofi tena. Jioni wenzangu walikwenda kusherehekea. Mimi nilibaki maabara, kwa sababu barua yako ya Machi ilifika siku hiyo hiyo nami nilikuwa nimeifungua kabla ya kuingia mtihani. Nilisimama mbele ya walimu nikiwa na maneno ya baba kichwani: "Kwamba nikiwa juu?"

Nikafanya jambo ambalo nilipaswa kulifanya Februari. Niliambia kompyuta kwamba mlango wa magunia haupitiki. Nikaiuliza swali lile lile. Nyumba ya Dickson iligeuka nyekundu yote, kisha ikajitenga na mji. Mstari haukutoka. Kompyuta haisuti kama watu; iliandika tu kwamba hakuna njia.

Nikajaribu tena. Nikaiambia mlango unapitika ikiwa chumba cha pili hakina mtu. Programu haina neno la hivyo. Milango yake ni ya wote au si ya mtu.

Nimemwandikia baba. Nimemwambia nimekosea, abomoe ukuta wa nyuma leo, asingoje mpunga uuzwe. Jumamosi na jana nilipiga simu Kyela mara nyingi. Inalia mbali, kama iko chini ya maji, halafu inakatika. Nisipopata jibu nitapiga tena. Tafadhali mwambie mama Anyisile amchukue Tusekile na mtoto wakalale kwenu, hata kwa kusingizia ugonjwa.

Mwanao,
Lugano

*

Kyela, 17 Mei 1998

Mwanangu Lugano,

Telegramu ilikupa habari bila maelezo, nami najua wewe huwezi kukaa na habari bila maelezo. Nimengoja matanga yapite. Barua yako ya tarehe ishirini imefika jana, pamoja na ile uliyomwandikia baba yako. Yake nimeiweka bila kuifungua.

Ilikuwa Jumapili, tarehe kumi na tisa. Mvua ilikatika alfajiri, jua likatoka, watu wakaenda kanisani wakisema Mungu amesikia. Maji hayakutoka juu. Yalitoka mashambani, ya mito yote miwili, yakaja barabarani bila sauti yakisukuma maganda ya kokoa mbele yake. Tulipotoka kanisani barabara ya sokoni ilikuwa mto. Mimi na mama Anyisile tulifika mpaka kwenye kibaraza cha duka lililotazamana na kwa baba yako, kwa sababu kiko juu.

Tusekile alikuwa ndani na mtoto. Duka halifunguliwi Jumapili. Vijana walijaribu mlango wa chuma kwa kamba, lakini unafunguka kwa nje na maji yalikuwa yameulalia. Nyuma, maji yaliyozoea uchochoro yalikuta ghala. Yakasimama, yakapanda, yakaingia kwa Dickson kwa dirisha la nyuma. Tulisikia udongo unaanza kuanguka ndani ya nyumba, sauti kama mtu anayemwaga mahindi.

Alikuwa amepanda darini. Tulimsikia mtoto. Mama Anyisile akapiga kelele, "Tusekile! Fungua komeo! Pita!"

Akajibu, na sauti yake haikuwa ya mtu anayelia, "Mama, yupo."

Baba yako alikuwa barazani juu. Kule juu ni chumba kimoja na baraza, unavijua. Hakuna pa kujitenga. Alinitazama kutoka ng'ambo ya maji. Hakuniita mwalimu.

"Enoki! Hajafungua?"

"Hajafungua. Anakusikia."

Ufa ulikuwa umeshapanda ukutani mwa Dickson, kutoka chini mpaka kwenye paa. Aliuona. Akaingia ndani, akatoka na shuka, akajifunika kichwa nalo kama wanawake wanavyojifunika wakikutana na wakwe. Sijawahi kuona mwanamume akifanya hivyo. Akasema kwa sauti, "Mwambie mama Anyisile amwambie natoka."

Akaanza kushuka ngazi. Na alikohoa, Lugano. Kila ngazi alikohoa, kwa nguvu, kifua chote, ili asikike kupitia ukuta kwamba anakwenda. Alipofika kwenye maji hakusimama. Yalimfika kiunoni, kisha kifuani, naye akaendelea kukohoa akishika nguzo ya ngazi kwa mkono mmoja. Nilimpigia kelele asimame hapo, inatosha. Nadhani aliona haitoshi, kwamba kwa sauti ile bado yuko karibu na nyumba. Akaiachia nguzo, akasogea.

Tukasikia komeo. Chuma kikigonga chuma. Tusekile akatokea kwenye baraza ya juu, mtoto mgongoni, macho chini.

Ukuta wa ghala ukaanguka wakati huo. Maji yote yaliyosimama nyuma yake yalitoka nao kwa mara moja, yakapita chini ya ngazi mpaka pale alipokuwa baba yako. Nyumba ya Dickson ikakaa chini polepole, dari, kokoa na kila kitu. Ghorofa limesimama.

Tulimpata baba yako kesho yake kwenye majaruba ya mpunga ya Ipyana, na shuka bado kichwani. Tumemzika pale pale nyumbani, upande wa juu. Dickson alifika siku ya tatu, akitembea kutoka mpakani. Anabeba matofali ya ghala, anayapanga, anayapangua. Hatujamwambia aache.

Najua bado unajiuliza kwa nini mimi na baba yako hatukusemezana. Sitakuambia. Ilikuwa jambo la watu wawili na mmoja ameondoka.

Umeniandikia kwamba programu haina neno la mlango unaopitika ikiwa chumba cha pili hakina mtu. Usiufute mlango wa magunia, mwanangu, na usiuache kama ulivyo. Tafuta hilo neno. Una miaka ya kulitafuta, na mwalimu mwenye maduara yangu ukutani.

Tusekile na Nancy wanaishi juu, chumbani kwa baba yako, kwa kuwa hakuna nyumba nyingine. Mama Anyisile ndiye aliyemshawishi, nayo ilichukua siku nyingi. Asubuhi hushuka kuchota maji. Akirudi na ndoo kichwani hufika chini ya ngazi, husimama, hainamishi kichwa wala hainui. Anasikiliza. Kisha anapanda.

Baba yako mdogo,
Enoki